MIKONO YETU NA MAPENZI YA MUNGU

Katika mazishi ya kwetu liko neno moja lisilokosekana. Mwili umekwisha kushushwa, udongo umerudishwa juu ya kaburi kando ya migomba, na mzee wa ukoo asimama kuwashukuru waliofika. Kabla ya kuketi husema: "Kazi ya Mungu haina makosa." Wanaume huinamisha vichwa, akina mama hufuta machozi, na watu hutawanyika kwenda makwao. Neno hilo ni jema. Ni ungamo la imani kinywani mwa mtu aliyeumia, nalo limewazuia wengi wasikate tamaa.

Hatuandiki leo ili kuliondoa neno hilo vinywani mwa watu. Lakini twaona imetupasa kuuliza swali ambalo Mkristo mwenye dhamiri hawezi kulikwepa siku zote: Je, kila kifo ni halali kukiweka juu ya Mwenyezi Mungu? Au viko vifo vilivyopita mikononi mwetu sisi wanadamu, ambavyo twamwandikia Mungu kwa kuwa Yeye hatatukanusha mbele ya watu?

Swali hilo lingeweza kuulizwa juu ya mambo makubwa, kama vita au ulevi wa madereva. Leo twaliuliza juu ya jambo dogo kabisa: ule mrija mwembamba unaotiwa katika mshipa wa mgonjwa ili kupitisha maji na dawa, ambao wengi wetu twaujua kwa jina la kanula, na maji yake twayaita dripu.

Mlango katika ukuta

Na tuweke mfano. Mtoto wa miaka miwili ashikwa na homa kali huko Murongo, mpakani, mahali ambapo mtu akivuka mto Kagera huwa amefika Uganda. Mama yake ampakata juu ya pikipiki, na safari ya kutafuta hospitali yaanza. Katika Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, na ambazo tangu mwaka 2008 huhudumiwa na Jimbo Katoliki la Kayanga, watu wamezoea kukimbilia Nyakahanga kwa ndugu zetu Walutheri, au Nyakaiga, au Isingiro, au hospitali na vituo vya serikali. Mfano wetu hauhusu hata moja ya nyumba hizo; waweza kutokea popote, Dar es Salaam au Ulaya.

Mtoto apokewa vema. Mshipa watafutwa, kanula yatiwa mkononi, dawa yapita. Siku ya tatu homa yashuka, mtoto aomba uji, mama amshukuru Mungu. Lakini kanula haikutolewa. Imebaki pale kwa kuwa hakuna aliyeuliza kama bado inahitajika. Siku ya tano mkono wavimba na kuwa mwekundu. Usiku mtoto atetemeka kwa baridi, na homa yarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Siku ya saba afariki. Nyumbani watu huambiwa ya kuwa malaria imemchukua. Kumbe malaria ilikuwa imekwisha kushindwa. Kilichomwua ni kitu kingine, kilichoingia baadaye kupitia mlango tuliofungua sisi wenyewe.

Maana ngozi ya mwanadamu ni kama ukuta wa boma. Juu yake huishi vijidudu vingi ajabu, juu ya ngozi ya daktari na ya Askofu pia, wala havitudhuru maadamu viko nje. Mrija ukipenya ngozi, mlango umefunguliwa. Vijidudu huingia kwa njia tatu: kutoka mikononi mwa anayeutia, kutoka katika ngozi ya mgonjwa isiyosafishwa sawasawa, na kupitia mdomo wa mrija wenyewe, kila mara dawa inapopigwa au chupa inapobadilishwa. Vikiisha kuingia hushika ndani ya mrija na kujifanyia utando wa ute, kama ule utelezi tunaouona ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Dawa haiupenyi utando huo kwa urahisi. Kutoka hapo huelea katika damu, na damu huvipeleka moyoni, katika figo, na penginepo hata katika ubongo.

Hatari huzidi kwa wale wanaotiwa mirija mirefu katika mishipa mikubwa ya shingo, ya kifua au ya kinena, kama vile wagonjwa mahututi na wale wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo. Huzidi pia kwa watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya siku zao, kwa kuwa ukuta wao wenyewe haujakomaa.

Hayo si maneno ya kutisha watu tu. Kilifi, pwani ya Kenya, waganga waliwafuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya tangu mwaka 2002 hata 2009. Waliwatenga katika hesabu watoto waliofika wakiwa tayari na vijidudu katika damu, na wale walioingiwa na vijidudu hivyo wakiwa wamelazwa. Katika kundi la kwanza walikufa 24 kwa kila mia. Katika kundi la pili walikufa 53 kwa kila mia, yaani zaidi ya nusu. Si wote walioambukizwa kwa njia ya mrija, lakini wote waliambukizwa mahali walipopelekwa kuponywa. Na katika hospitali yetu ya Taifa ya Muhimbili, uchunguzi wa miaka 2001 na 2002 ulionyesha ya kuwa jamii moja ya vijidudu hivyo vya damu iliua watoto kwa kiasi kinachozidi mara mbili ya malaria. Na palipokuwa na vijidudu sugu, visivyosikia dawa iliyotolewa, hatari ya kufa ilizidi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 ya kuwa katika nchi tajiri wagonjwa 7 kwa kila mia waliolazwa hupata maambukizi mapya hospitalini, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati hufika 15. Mmoja kwa kila kumi wa hao walioambukizwa hufa. Basi mwanadamu huingia hospitali na ugonjwa mmoja, naye huuawa na mwingine.

Je, Mungu ndiye aliyetaka?

Hapa ndipo swali letu linaposimama. Kanisa lafundisha ya kuwa hakuna linalotokea nje ya maongozi ya Mungu. Lakini lafundisha vilevile ya kuwa Mungu si mtendaji wa uovu. Kuna alitakalo, na kuna aliachalo litokee kwa sababu ametupa akili na uhuru, wala hatunyang'anyi. Baba akimkabidhi mwanawe mbuzi awachunge, na mwana akalala chini ya mti hata chui akaja, je, tuseme baba ndiye aliyetaka mbuzi waliwe? Baba aliruhusu mwana awe mchungaji. Kulala ni kwake mwana.

Yako maradhi ambayo hata leo elimu yote ya wanadamu hushindwa mbele yake, na hapo kunyenyekea ni wajibu. Lakini je, ugonjwa huu wa mirija ni miongoni mwa hayo? Tutazame yaliyotokea Marekani. Daktari mmoja wa hospitali ya Johns Hopkins, jina lake Peter Pronovost, aliandika juu ya karatasi mambo matano ambayo kila daktari aliyajua tayari: kunawa mikono, kuisafisha ngozi ya mgonjwa kwa dawa ya klorheksidini, kumfunika mgonjwa kwa shuka zilizotakaswa, na mtiaji kuvaa kofia, barakoa, gauni na glovu, kuuepuka mshipa wa kinena iwezekanapo, na kuutoa mrija mara usipohitajika tena. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Kwanza aliwaomba wauguzi wawatazame madaktari kwa mwezi mmoja. Ikaonekana ya kuwa kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa, jambo moja au zaidi kati ya hayo lilirukwa. Na hao walikuwa waganga wa hospitali yenye sifa duniani kote.

Karatasi hiyo ikapelekwa katika vyumba 103 vya wagonjwa mahututi, karibu vyote katika jimbo la Michigan. Matokeo yalichapishwa Desemba 2006. Kabla ya hapo, kwa kila siku 1,000 ambazo mirija ilikaa mishipani, maambukizi yalikuwa 7.7. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, yalikuwa 1.4. Vyumba vingi vilikaa miezi bila hata mgonjwa mmoja kuambukizwa.

Na tulifikiri neno hilo, wasomaji wetu. Ikiwa vifo hivyo vilikuwa mapenzi ya Mungu, je, Mungu wa Michigan alibadili nia yake kwa sababu ya karatasi? La hasha. Mapenzi yake yalikuwa yale yale tangu mwanzo: ya kuwa mgonjwa ahudumiwe kama Kristo mwenyewe. Waliobadilika ni watu. Kwa hiyo twathubutu kusema: kifo ambacho mikono iliyonawa ingaliweza kukizuia, si halali kwetu kukiita kazi ya Mungu, kisha tukalala usingizi.

Nao si ugunduzi wa jana. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona ya kuwa akina mama waliozalishwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko waliozalishwa na wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Akaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili wa mwaka ule walikuwa wakifa akina mama 18 kwa kila mia. Katikati ya mwaka walibaki 2 hivi. Hata hivyo wakubwa wengi wa uganga walimkataa, kwa kuwa hawakuvumilia kuambiwa ya kuwa mikono yao, mikono ya waungwana na wasomi, ndiyo iliyoleta kifo. Semmelweis alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa jeraha lililooza na kuitia damu yake sumu. Ukweli wake ulikubaliwa naye akiwa kaburini.

Kosa la Naamani

Mbona basi jambo rahisi namna hii huachwa? Twaamini jibu limo katika Maandiko Matakatifu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na ukoma. Alikuja kwa nabii Elisha na farasi na magari na fedha nyingi. Nabii hakutoka hata kumwona. Alimtuma mtu amwambie akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani akaghadhibika. Alitazamia jambo kubwa, mkono wa nabii ukipungwa juu ya jeraha. Naye ameambiwa akaoge! Ndipo watumishi wake wakamkaribia wakamwuliza kwa upole: kama nabii angalikuambia ufanye jambo kubwa, usingelifanya? Si zaidi anapokuambia jambo dogo? Akashuka, akaoga, akapona.

Sisi sote ni akina Naamani. Twaheshimu yaliyo makubwa. Mashine mpya ikifika hospitali, kiongozi huja kukata utepe na picha hupigwa. Ndoo yenye koki na kipande cha sabuni haviletewi kiongozi. Mgonjwa naye hudhani ya kuwa asipotundikiwa dripu hajatibiwa; akipewa vidonge hunung'unika, ingawa vidonge vingemtosha na ngozi yake isingetobolewa bure. Kunawa mikono hakuna fahari. Anayefanya hivyo mara mia kwa siku hasifiwi na mtu, kwa kuwa mtoto asiyeambukizwa hajulikani; atakwenda nyumbani na mama yake, wala hakuna atakayejua ya kuwa aliokolewa. Lakini wazee walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Mtu aweza kutujibu ya kuwa Bwana Yesu mwenyewe aliwakemea Mafarisayo kwa ajili ya kunawa mikono. Ni kweli, twasoma hayo katika Injili ya Marko, sura ya saba. Lakini aliwakemea nini? Walikuwa wakiosha mikono ili waonekane wema, huku wakiiacha amri ya upendo, hata kuwanyima baba na mama zao msaada. Bwana hakuichukia mikono safi. Aliuchukia moyo mchafu uliojificha nyuma yake. Kunawa tunakokusema leo ni kinyume cha huko: ni amri ya upendo yenyewe, iliyoshuka mpaka vidoleni.

Tena twaujua unawaji wa namna mbili katika imani yetu. Pilato alinawa mikono mbele ya makutano ili autue mzigo wa mtu aliyekuwa mbele yake. Padre hunawa altareni kabla ya sala kuu ya sadaka, akiomba atakaswe, kwa kuwa yu karibu kuushika Mwili wa Bwana. Yule alinawa ili asihusike. Huyu hunawa kwa kuwa anahusika kabisa. Basi muuguzi anaposimama kwenye karo kabla ya kumgusa mtoto wa yule mama wa Murongo, na ajue ya kuwa anachofanya chafanana na kile cha altareni. Kristo alisema ya kuwa atendewalo mdogo wa ndugu zake ametendewa Yeye.

Deni hili ni la nani?

Tukiisha kusema ya kuwa kosa ni letu, wengi watamtazama muuguzi. Hapo yatupasa kuwa na haki. Mafundisho ya Kanisa juu ya Amri ya Tano yasema wazi ya kuwa ni kosa kumtia mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu nzito, hata kama hatukukusudia afe. Nasi katika kila Misa huungama pia yale tuliyopaswa kufanya tusiyafanye. Lakini Kanisa lafundisha vilevile ya kuwa hatia hupimwa kwa ujuzi na kwa uwezo wa mtu. Muuguzi mmoja aliye peke yake usiku na wodi nzima, ambaye koki yake haitoi maji, na sabuni imekwisha tangu wiki iliyopita, je, tumhukumu sawa na yule mwenye maji na sabuni na muda, ambaye hakunawa kwa uvivu? Hasha. Huyu wa pili adaiwa na dhamiri yake. Lakini deni la yule wa kwanza hupanda ngazi: huenda kwa mwenye kusimamia hospitali, kwa halmashauri, kwa serikali, na pale hospitali ilipo mali ya Kanisa, huja kwetu sisi waamini wenyewe.

Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa maji huwa bondeni, na watu hujua uzito wa dumu linalopandishwa mlimani. Basi tanki la kuvunia maji ya mvua la kituo cha afya si jambo la ufundi tu. Ni jambo la Amri ya Tano. Parokia inayochanga kwa ajili ya kengele mpya hufanya vema. Parokia hiyo hiyo ikijua ya kuwa wodi ya wazazi jirani haina maji, na ijiulize kengele hiyo itamwita nani. Tena si kila dawa ni ghali. Shirika la Afya Duniani limetoa bure kanuni ya kuchanganya kitakasa mikono kwa spiriti, gliserini na haidrojeni peroksaidi, kazi iwezayo kufanywa katika chumba cha dawa cha hospitali. Katika mifuko ya wauguzi wengi duniani kichupa hicho kimekuwa badala ya karo iliyo mbali.

Wala mkoa wetu wa Kagera hauwezi kusema haujui. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua, 6 wakafa, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwao. Januari 2025 ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo, ukaua watu 10. Katika majuma yale ndoo za koki zilisimama kila mlango: kanisani, sokoni, shuleni, hospitalini. Hakuna aliyepita bila kunawa. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, ndoo nyingi zilirudi jikoni.

Hapo twajifunza jambo juu ya nafsi zetu. Tulinawa kwa kujiogopea sisi wenyewe. Marburg ingeliweza kumwua anayegusa. Vijidudu vya mrija humwua anayeguswa. Kwa hatari ya kwanza tuliweza kuwa wasafi siku nzima. Kwa ya pili twasema tumechoka. Tofauti iliyoko kati ya hofu na upendo ndiyo hiyo. Hofu hunawa mikono baada ya kumshika mgonjwa; upendo hunawa kabla.

Sauti ya mdogo

Liko jambo moja zaidi katika habari ya Naamani, na mara nyingi hulipita. Aliyemwelekeza jemadari kwa nabii alikuwa kijakazi mdogo, mateka, asiye na jina katika kitabu. Waliomrudisha kutoka katika hasira yake walikuwa watumishi. Mkubwa aliokolewa kwa kuwa wadogo walithubutu kusema, naye akakubali kusikia.

Karatasi ile ya Marekani isingalifaa kitu kama isingaliambatana na amri ya pili: muuguzi alipewa haki ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, na wakubwa wa hospitali waliahidi kumtetea. Jambo hilo ni gumu kila mahali, na kwetu ni gumu zaidi, kwa kuwa tumelelewa kumheshimu mkubwa, na malezi hayo ni mema. Lakini heshima iliyo ya kweli haimwachi mkubwa aanguke shimoni kwa kuwa ni aibu kumshika mkono. Muuguzi kijana asemaye, "Samahani, daktari, bado hatujanawa," hakumvunjia mtu heshima. Amemwokoa mgonjwa, na amemwokoa daktari asiwe na damu ya mtu juu yake. Na daktari ajibuye, "Asante, umenikumbusha," amefanya tendo la unyenyekevu lenye thamani kuliko mifungo mingi.

Kadhalika mama aliyekaa kando ya kitanda. Huyo huona yote, lakini mara nyingi hunyamaza, kwa kuogopa ya kuwa akisema mwanawe atachukiwa. Twawaomba wahudumu wa afya, kwa jina la Mtakatifu Kamili wa Lelis, msimamizi wao na wa wagonjwa, waiondoe hofu hiyo. Mama akisema kwa adabu, "Sista, mkono wa mtoto umekuwa mwekundu hapa," au, "Sista, hii kanula bado yahitajika?" asijibiwe kwa ukali. Huenda wakati ule yeye ndiye kijakazi wa Naamani.

Nasi jamaa za wagonjwa tunao wajibu wetu, kwa maana katika hospitali zetu ni sisi tunaomwogesha mgonjwa, kumlisha na kumgeuza. Tunawe mikono kabla ya kumgusa. Tusiuchezee mrija, wala tusiufungue ili kumvalisha nguo, wala tusiulowanishe tunapomwogesha. Kitambaa kinachoufunika kikilowa au kikibanduka, tuseme. Pakiwa na wekundu, uvimbe, usaha au maumivu, au mgonjwa akianza kutetemeka, tuseme upesi bila kungoja raundi ya asubuhi. Vivyo hivyo kwa mpira wa mkojo, ambao nao ni mlango kama ule mwingine. Na daktari akisema vidonge vyatosha, tumshukuru, hakutudharau.

Neno kwa waliofiwa

Twajua ya kuwa maneno haya yatasomwa na wengine ambao wamekwisha kuzika. Mama fulani atahesabu siku, atakumbuka mkono uliovimba, na moyo wake utamchoma. Kwake twasema: usijitwike hatia ya jambo ambalo hukuambiwa. Hukujua, na pasipo ujuzi hapana dhambi. Mtoto wako yu mikononi mwa Baba. Wala usimtafute muuguzi yule umchukie, maana huenda naye alikuwa akihangaika usiku ule pasipo maji wala mwenzake. Hatukuandika ili kuwafungulia wafu mashitaka, bali ili kuwafungia kifo mlango wake kwa walio hai.

Na mzee wa ukoo aendelee kusema msibani ya kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli tupu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, palipo na kosa, na tujue ya kuwa kazi ile haikuwa ya Mungu, bali ni yetu, tukatubu, tukaitengeneze. Mungu alimpa mtoto yule ukuta mzima wa ngozi. Sisi tuliufungua, kwa nia njema, ili dawa ipite. Afunguaye mlango usiku katika nyumba ya mwenziwe hana budi kusimama aulinde, na haja ikiisha, aufunge.